Kidole Kikilala, Tusingoje

Baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Hao ndio mama zetu wasukao ukindu na walimao mwani. Leo tunapenda kusema juu ya dalili moja ya ugonjwa huo ambayo, ikipuuzwa, huugharimu mkono.

Mgonjwa huamka asubuhi akaona kidole chake cha mwisho kimelala, hakinyooki. Kwa kuwa hasikii maumivu makubwa, hukichua kwa mafuta na kungoja. Kumbe ukano umekatika. Uvimbe wa kifundo cha mkono umeudhoofisha, na ncha ya mfupa iliyoparuza imeusaga kama kamba ya nanga juu ya jabali. Daktari Vaughan-Jackson wa Uingereza alieleza tangu mwaka 1948 namna mfupa huo unavyokata kano. Mgonjwa asipotibiwa, kidole cha pete huweza kufuata, kisha cha kati.

Ukano uliochakaa hivyo ni vigumu kushonwa ncha kwa ncha. Lakini kidole cha shahada kina kano mbili za kukinyoosha. Daktari mpasuaji huweza kuazima moja akaiunganisha na ukano wa kidole kilicholala, akaondoa uvimbe na kuupunguza mfupa unaokata. Baadaye mkono hufungwa gango kwa wiki kadhaa, kisha huja mazoezi. Ukikatika ukano mmoja, kazi hiyo ni nyepesi. Zikikatika tatu au nne, pa kuazima hupungua, na nguvu za mkono ni shida kurudi kama zamani.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika. Kila mfanyakazi wa kituo cha afya, Unguja na Pemba, aijue dalili hii na ampeleke mgonjwa hospitali kuu bila ya kuchelewa. Karatasi ya mgonjwa anayehitaji kuvuka bahari isilale mezani, kwani kano hazingoji vikao. Aidha, dawa za kuudhibiti ugonjwa, kama methotreksati, zipatikane mapema chini ya uangalizi wa daktari. Zinapotumika kwa wakati, wanaofikia kisu huwa wachache.

Nanyi wananchi, kidole kikilala msikichue, nendeni kituoni. Mikono hii ndiyo iliyotulea. Haifai tuiache ilale nasi tunatazama.