Mfuko mbadala usigeuzwe takataka

Tarehe 1 Juni, 2019, Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara. Wananchi waliitikia, na rambo, zilizokuwa zikiziba mitaro na kuning'inia michongomani, zikapungua. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini kazi haikuishia hapo.

Mahali pa rambo palichukuliwa na mfuko mbadala. Wengi hudhani ni kitambaa, kumbe mingi ya mifuko hiyo hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Faida yake imo katika kutumika tena na tena. Uchunguzi uliotolewa na Wakala wa Mazingira wa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha kuwa mfuko wa namna hiyo hauna budi kutumika mara 11 ndipo madhara yake kwa tabianchi yasizidi yale ya mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Wa pamba ni mara 131. Basi mtumishi anunuaye mfuko mpya kila jioni atokapo kazini, huku nyumbani rundo limejaa nyuma ya mlango, hajaachana na rambo hata kidogo.

Aidha, kikapu cha ukindu kisidharauliwe. Kimewatumikia akina mama tangu kale, hakihitaji kiwanda, na kikichakaa huoza shambani. Kwa nini mwalimu aone haya kukipeleka sokoni? Kinachotakiwa ni matunzo: kisiachwe na unyevu kikaota kuvu, bali kianikwe na kutundikwa. Mfuko wa nguo ufuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani. Samaki na nyama viwekwe katika chombo chao, visichanganywe na mboga zinazoliwa mbichi.

Kuhusu mfuko mbadala wenyewe, kiwango kilichowekwa ni uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Mnunuzi hana mizani ya kupimia hayo. Anachoweza ni kutazama mishono ya mikanda na kuukataa mfuko unaopenyeza mwanga kama chandarua. Wakaguzi ndio wenye vipimo. Ni haki, basi, ukaguzi wao uanzie viwandani na kwenye maghala ya jumla inakotoka mifuko hafifu, kabla ya kumfikia mama muuza nyanya mwenye mifuko kumi mezani pake.