Nyonga Zichunguzwe Mapema

Upasuaji wa kubadilisha nyonga huondoa kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika na kuweka kiungo bandia cha chuma, plastiki ngumu au kauri. Mbinu yake ya kisasa iliasisiwa na John Charnley nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kuharibika kwa nyonga si tatizo la wazee pekee. Ugonjwa wa selimundu, unaozipa seli nyekundu za damu umbo la mundu, umeenea ukanda wa Ziwa Victoria. Seli hizo zikiziba mishipa midogo ya damu, kichwa cha paja hukosa damu na kufa, hata kwa kijana.

Si kila maumivu ya nyonga huhitaji kisu. Dawa, mazoezi na mkongojo hutangulia. Upasuaji hufaa maumivu yanapomnyima mtu usingizi na kumzuia kutembea, huku picha ya eksirei ikithibitisha uharibifu. Mwenye selimundu huhitaji uangalizi zaidi wa damu, oksijeni na maambukizi.

Kliniki za selimundu katika kaunti hizi zinapaswa kuchunguza nyonga mapema, na anayechechemea apewe rufaa kwa daktari wa mifupa bila kucheleweshwa.