Kijana Asiishie Kwenye Simu

Ndugu Waislamu, tangu tarehe 29 Oktoba 2025 mazungumzo ya vijana na simu zao hayajakatika barazani. Siku ile ya Uchaguzi Mkuu maandamano yalizuka katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, roho za watu zikapotea na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Wako wazee wanaoona kuwa dawa ni kumnyang'anya kijana simu. Sisi tunasema dawa hiyo haigusi maradhi.

Mitandao ina nguvu, hilo halina ubishi. Juni 2024 vijana wa Kenya waliusambaza na kuuchambua Muswada wa Fedha kupitia TikTok na X, kisha wakatoka barabarani. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kuwa hatatia saini. Gharama ilikuwa kubwa na ya kusikitisha. Lakini tusisahau kwamba hoja yao ilikuwa na uzito kwa sababu walikuwa wameusoma muswada wenyewe.

Sasa tutazame hapa kwetu Kisesa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 haukutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ulitumia orodha ya wakazi iliyoandikishwa kwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kijana aliyejua kila neno lililosemwa Dodoma lakini zikampita siku hizo kumi, hakuwa na sauti katika kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake.

Aidha, kwa Sheria Na. 7 ya 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri nayo inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fungu la vijana lipo kisheria. Asiyehudhuria wala kuuliza atalisikia limekwisha gawiwa.

Hata hivyo lawama si ya vijana peke yao. Ni mara ngapi kijana amesimama mkutanoni kuuliza mapato na matumizi, akaambiwa akae chini kwa kuwa hana adabu? Anakimbilia kwenye simu kwa sababu huko hakuna wa kumkalisha. Tukimfungia mlango wa mkutano, tusistaajabu akitafuta mwingine.

Kwa vijana tunasema: dini yetu imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuipokea na kuieneza, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo. Kidole kimoja kinaweza kumdhulumu asiye na hatia.

Kwa viongozi wa misikiti: tarehe ya mkutano wa kijiji itangazwe baada ya sala ya Ijumaa, kama yanavyotangazwa mazishi na harusi. Wazee wawape vijana nafasi ya kusema, na vijana waje na maswali waliyoyaandaa. Anayejibiwa uso kwa uso hana haja ya kupiga kelele gizani.

Wabillahi Tawfiq.