Usiifute Mitambo ya Ngong

Wasee wa kuchora, tuambiane ukweli. Tunapanda Ngong, mita 2,460 juu ya bahari, tunapiga picha kwa simu, kisha tunarudi nyumbani kuchora twiga na machweo ambayo hatukuyaona. Mitambo ya upepo tunaifuta, eti inaharibu mandhari. Inamharibia nani? Mtalii?

Beba rangi za maji, keti pale juu, uchore upepo ukikung'ang'ania karatasi. Mawingu yatahama kabla hujamaliza. Sawa tu, hapo ndipo jicho linajifunza. Chora mitambo, ng'ombe, mabati ya Kiserian yanayometa kule chini. Tusipoichora nchi ilivyo, watoto wetu watarithi Kenya ya kadi za posta, ambamo hakuna mtu aliyewahi kuishi.