Mbacha wa Garissa na Mswala Upitao

Mnamo Januari 2026, kikosi cha kwanza cha wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi kiliingia Gredi ya 10. Mjadala uliozuka ulihusu maabara, madarasa, karo na uhaba wa walimu. Na kwetu sisi tuliofundisha Kaskazini Mashariki, uhaba huo wa walimu si habari ngeni. Hata hivyo, lipo pengo jingine lisilotajwa katika mikutano ya wazazi. Shule zetu hazimtambui mjuzi aliye jirani yao. Nitalitolea ushahidi kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, mtaala huu ulipokuwa ungali mchanga, nilikuwa nikifundisha katika shule moja mjini Garissa. Niliwaagiza wanafunzi walete kifaa kilichosukwa kwa mkono. Wengi walileta vikapu vilivyonunuliwa sokoni, vingi vikiwa vya kamba za plastiki za kufungia mizigo. Msichana mmoja alileta chombo kirefu, cheusi kwa moshi, chenye harufu ya maziwa ya ngamia. Kilikuwa haan, chombo cha maziwa cha Wasomali. Nilikitazama, nikaona uchakavu, nikampa alama za chini kuliko wenzake wote.

Kesho yake bibi yake alifika shuleni. Hakuja kugomba. Aliomba maji, akakijaza chombo kile hadi pomoni, akakiweka juu ya daftari langu la alama. Kisha akauliza, mjukuu akitafsiri: "Mwalimu, na vile vingine umevijaribu?" Tulingoja hadi kengele ya mapumziko ikalia. Daftari halikulowa.

Tangu siku hiyo nimelitafakari suala la ususi kwa jicho jingine. Haan husukwa na wanawake kwa nyuzi za mimea wanayoijua kwa majina na tabia zake. Mshono hukazwa hata maji yasipate pa kupenya. Baadaye chombo hufukizwa kwa moshi wa kuni zilizochaguliwa, nao moshi huo husaidia kuyahifadhi maziwa katika nchi ya joto kali. Hapo mwalimu wa sayansi ana somo zima la vijidudu na uhifadhi wa chakula, nalo limo mikononi mwa mwanamke ambaye pengine hakupata kuketi darasani.

Wanawake hao hao ndio walioijenga nyumba ya mfugaji. Aqal ni nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa, inayofumuliwa, kupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena penye malisho. Kwa desturi, mama wa bibi arusi na jamaa zake wa kike ndio wanaoitayarisha. Fito zinapindwa kwa kipimo gani? Mikeka mingapi itaufunika mviringo wa paa? Maswali hayo ni hisabati tupu.

Wala si mimi wa kwanza kusema hivyo. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka wa 2014, aliwachunguza wasusi wa mikoba iitwayo sipatsi katika eneo la Inhambane. Alionyesha kwamba mapambo yao yamejaa jiometri ya ulinganifu na mfuatano. Anayesuka mkeka Garissa huhesabu chane zake vivyo hivyo: akikosea moja, ua zima hupinda.

Malighafi nayo ipo. Kandokando ya Mto Tana humea mikoma, ambayo majani yake husukwa mikeka na vikapu. Msusi huchuma majani machanga kabla hayajakunjuka, huyaanika, huyachana vyembamba, kisha huyalowesha ili yalainike mkononi. Watu wa pwani husuka ukili kwa namna hiyo na kuushona kwa shazia. Mkoma hukua polepole, na anayekata ovyo majani machanga huudhoofisha. Kwa hiyo msusi mwadilifu ni mhifadhi wa mazingira hata kabla ya kusikia neno hilo redioni.

Mbona basi ujuzi huu unafifia? Sababu ya kwanza ni ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, familia zikahamia pembezoni mwa miji, na nyumba ya mabati haihitaji mikeka ya kupakiwa juu ya ngamia. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko, na Tana ikawang'oa watu makwao upya. Sababu ya pili ni plastiki. Huko Dadaab, ambako wakimbizi kutoka Somalia walianza kupokewa mwaka wa 1991, fito za aqal zilifunikwa kwa maturubai ya misaada, na kizazi kizima kikakua chini yake. Sababu ya tatu ni mathenge, mti ulioenezwa ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambao sasa umezivamia kingo za mto na kuisonga mimea ya asili.

Simlaumu mama anayechagua jerikeni la plastiki. Ni jepesi, ni rahisi kupatikana, na halimgharimu majuma ya kazi. Lakini mdomo wake mwembamba haupitishi mkono wa kuliosha vizuri, na wauzaji wa maziwa wanajua hasara yake. Tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wengi tulidhani kwamba zamu ya kikapu imewadia. Mahali pa mfuko mmoja wa kiwandani pakachukuliwa na mfuko mwingine wa kiwandani, kwa kuwa hatukuwa tumemwandaa msusi kulijaza soko.

Wako watakaosema kwamba ninawarudisha watoto nyuma wakati dunia inakimbilia kompyuta. Sidai kwamba mtu yeyote arudi katika aqal. Rwanda imewekeza katika teknolojia mpya, na bado kikapu chake cha agaseke kimo katika nembo ya taifa. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wanawake waliofiwa na wale ambao waume zao walishtakiwa kwa mauaji hayo waliketi pamoja kusuka, na kazi zao zikafika katika maduka makubwa ya Marekani. Hawakulazimika kuchagua kati ya kikapu na kompyuta.

Sheria zetu nazo hazikosi. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Garissa, Wajir na Mandera zinaweza kuwaajiri wasusi hawa kama wakufunzi, kwa malipo ya haki, bila kuwadai vyeti ambavyo hakuna aliyewahi kuvitoa.

Lakini sisi walimu tusiisubiri kaunti. Tukome kutoa alama kwa kikapu kilichonunuliwa. Tumpime mtoto kwa chane alizozichana mwenyewe mbele yetu. Tupande mikoma katika viwanja vya shule zilizo karibu na mto. Nanyi wanafunzi, yaandikeni majina ya mimea, ya mishono na ya vyombo, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kabla wanaoyajua hawajatutoka. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa mswala upitao. Mswala wa plastiki umekwisha kupita mara kadhaa, na mbacha wetu unazidi kuchanika.

Alama za msichana yule nilizirekebisha siku ile ile. Bibi yake alikunywa chai katika ofisi ya walimu, akashukuru, akachukua chombo chake na kwenda zake. Darasa langu la wanafunzi wapatao hamsini lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale alipoketi, wala sikumwomba aingie. Hilo ndilo kosa langu la pili, nalo ndilo kubwa zaidi.