Hedhi ikipotea, hiyo ni kadi ya njano

Kuna kauli nimeikuta kambini kwa dada zetu wa soka: mchezaji akipitisha miezi bila kwenda mwezini, anaambiwa mazoezi yamemkolea. Wengine wanashukuru kabisa, eti mechi hazina usumbufu. Hapana jamani, hiyo ni kadi ya njano.

Mwili unaokimbizwa asubuhi na jioni kwa chai na andazi moja unabana matumizi, na hedhi ni kati ya vitu vinavyokatwa. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa inadhoofika. Ndio hapo unasikia mguu umepata ufa bila hata kuchezewa rafu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilionya tangu 2014.

Kocha, miezi mitatu ikipita, mpeleke kwa daktari. Atapimwa mimba, ndiyo, lakini pia tezi na homoni nyingine. Kama ni njaa, dawa ni sahani iliyojaa na mazoezi kupunguzwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuleta damu, ila havitibu njaa.

Chelsea ya Emma Hayes ilipanga mazoezi kwa kufuata mzunguko wa kila mchezaji. Sisi tuanze na wali maharage wa kutosha, na mtu wa kuuliza, tena awe mwanamke.