Shimo la Barabarani Lisiachiwe Bodaboda

Mvua ikinyesha Gesima, Kaunti ya Nyamira, shimo la barabarani hujificha. Maji hulijaza hadi ukingoni, na mwenye bodaboda hawezi kujua kama kina chake ni inchi mbili au futi nzima. Gari likitumbukiza gurudumu moja, mengine matatu hubaki juu. Pikipiki ikitumbukiza la mbele, usukani hupinda na waliopanda hurushwa. Mwendeshaji akijaribu kulikwepa, hujikuta uso kwa uso na matatu inayotoka Keroka, au humgonga mama anayepita kando na mkungu wake wa ndizi, maana waendao kwa miguu hawakutengewa njia.

Ajali ikishatokea, lawama zote humwangukia mwendeshaji: alikwenda kasi, hakuvaa helmeti, alibeba watu wawili ilhali sheria inaruhusu abiria mmoja. Mara nyingi ni kweli, na sitamtetea kwa hayo. Lakini shimo humwangusha hata anayekwenda polepole, na huyo hatumsikii akitetewa.

Tatizo lenyewe huanzia kwenye mtaro. Eneo hili ni la miteremko, na mvua yake ni nyingi. Udongo mwekundu hushuka kutoka mashambani ukaziba mtaro, maji yakakosa pa kupita, yakapanda barabarani. Yanapopenya kwenye ufa wa lami hulainisha tabaka la chini, kisha lori la majani chai likipita lami huvunjika kwa kukosa cha kuegemea. Ndiyo maana kumwaga murram ndani ya shimo na kuondoka ni hasara: mvua huisomba, na shimo hurudi likiwa pana zaidi. Kuziba kwa kweli ni kukata kingo zilizooza, kutoa maji na tope, kujaza kokoto, kushindilia, kisha kutia lami. Na mtaro uzibuliwe, la sivyo kazi yote ni bure.

Fedha za kazi hiyo wananchi wanazitoa. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18. Kijana anayetia lita mbili asubuhi ameshalipa shilingi 50 kabla hajapata abiria wa kwanza. Wakati huo huo magavana na wabunge wamevutana hadi kortini kuhusu nani ashike shilingi bilioni 10.5 za mfuko wa matengenezo ya barabara. Anayevunjika mguu Gesima hana haja ya kujua kama barabara ile ni ya Mamlaka ya Barabara za Vijijini (KeRRA) au ya Kaunti ya Nyamira.

Mimi ningeanza na mambo mawili yasiyohitaji mabilioni. Kwanza, mitaro izibuliwe Februari, kabla ya mvua ya Machi, na vijana wa vijijini waajiriwe kwa kazi hiyo. Pili, kila barabara iwekewe kibao chenye jina la ofisi inayoitunza na namba ya simu, ili wenye bodaboda, ambao hulijua shimo siku linapochimbika, wawe na wa kumpigia.